“Ni ugonjwa wa ubongo tu”: neno lililompumzisha mama, likamwacha mdogo wangu njiani

Dada wa Ngamiani ameanzisha uzi:

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya akili na mdogo wangu. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa upande wa Muheza, kamleta kijana wake akiwa amefungwa kamba mikononi. Muuguzi akaifungua ile kamba taratibu, akamweleza mama yale yale tuliyoelezwa sisi miaka sita iliyopita: hujarogwa, mwanao ana ugonjwa wa ubongo tu, kama mwingine anavyougua kisukari. Mama wa watu akashusha pumzi. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikaingiwa na hofu, maana najua hilo neno “tu” litawafikisha wapi kama hakuna atakayewaongezea jingine.

Nianze na wema wa maelezo hayo, kwa sababu ni mkubwa, na sitaki mtu aseme nimeusahau.

Mdogo wangu ni fundi baiskeli. Anayeijua Tanga anajua fundi baiskeli ni nani hapa kwetu. Alipoanza kuugua alikuwa na miaka 22. Alianza kwa kumwomba jirani azime redio kwa kuwa inamtaja jina. Baadaye akawa hali chakula cha nyumbani mpaka mama aonje kwanza mbele yake. Mtaa ulikuwa na jibu kabla hatujauliza: katupiwa jini. Tukamnywesha kombe, tukafukiza, tukapunga usiku tatu mfululizo. Mbuzi wawili wakaenda, akiba ya mama ya kikoba ikaenda, mwisho tukauza baiskeli yake mwenyewe. Hela iliuma, lakini maswali yaliuma zaidi. Kila aliyekuja kumtazama mgonjwa alimgeukia mama: ulipokuwa na mimba yake ulikosana na nani? Magharibi ulipita wapi? Ikafika mahali mama hatoki tena kwenda shughulini, harusi wala msiba.

Ndiyo maana siku ile muuguzi alipomwambia “mama, hujakosa kitu”, alilia pale pale kwenye benchi. Neno la kisayansi lilimtua mzigo ambao maneno ya sisi wanawe hayakuweza kuutua. Atakayeyabeza maelezo ya kibiolojia aikumbuke benchi hiyo kwanza.

Na si faraja tupu. Mwili kweli unaweza kuivuruga akili, na sisi wa pwani ushahidi tunao. Mnaikumbuka degedege? Wazee wetu walisema ni ndege wa usiku anampitia mtoto. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, alifukizwa mavi ya tembo, na ilikatazwa asipigwe sindano maana angekufa. Mara nyingi alikuwa na malaria iliyopanda kichwani. Waliopona wengine walibaki na kifafa, wengine wakawa wazito darasani, na wakaitwa watoto wa shetani maisha yao yote. Hapo maelezo ya mwili yaliokoa roho za watoto, na yalikuwa sahihi kwa asilimia zote.

Nilipoanza kusoma ili nimwelewe mdogo wangu, nilikuta kisa kinachofanana na hicho. Zamani huko Ulaya na Marekani hospitali za vichaa zilikuwa na watu wengi waliojiona wafalme, kisha wakapooza na kufa. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na mwenzake Moore wakawakuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa hao waliokufa. Penisilini ilipokuja, kichaa cha namna hiyo kikapungua mno. Upungufu wa vitamini aina ya niasini nao huleta ugonjwa wa pelagra, ambao huchubua ngozi, huharisha, na huondoa akili. Tezi ya shingo ikizembea mtu anakuwa kama aliyekata tamaa ya kuishi. Na waliowahi kumeza dawa za virusi vya UKIMWI zenye efavirenzi wanajua ndoto zake zilivyokuwa. Hawakuwa wamerogwa, ni kidonge.

Kisha dawa zenyewe. Kloropromazini, ambayo wengi tunaiita Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952. Kabla yake, mara nyingi mgonjwa aliyechachamaa alifungwa, alimwagiwa maji ya baridi au aliachwa hivyo hivyo. Miaka mitatu nyuma, John Cade wa Australia alikuwa ameonyesha kwamba lithiamu, chumvi ya madini tu (si ya chakula), inamtuliza mtu aliyepandwa na wazimu wa furaha na maneno yasiyokwisha. Mdogo wangu alipoanza haloperidoli, sauti alizokuwa akizisikia kichwani zilipungua baada ya wiki chache. Nililiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Alikula ubwabwa wa mama bila kuuonjesha mtu.

Sasa niseme kilichotupata baada ya hapo.

Mikono ilianza kutetemeka. Mwanzo kidogo, kisha akawa hawezi kushika kikombe kimejaa. Shingo ikakaza, udenda ukawa unamtoka bila yeye kujua. Kwa mtu mwingine hayo ni maudhi. Kwa fundi baiskeli ni kufukuzwa kazi. Ringi iliyopinda inanyooshwa kwa kukaza spoki hii robo mzunguko, kulegeza ile nusu, huku unaizungusha na kuitazama ikipita kwenye kidole. Nilimkuta siku moja kibandani ameinamia gurudumu, funguo ya spoki inamdondoka, anaiokota, inamdondoka. Mteja alisimama kidogo, akaichukua baiskeli yake akaondoka. Mdogo wangu hakusema neno. Wiki hiyo aliacha dawa, na mwezi haukuisha sauti zikarudi, safari hii kali kuliko mwanzo.

Tuliporudi kliniki, kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa hafuati dawa. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote. Ukishamwambia mtu tatizo ni kemikali za ubongo, ukazirekebisha kemikali umemaliza kazi, hata kama huyo mtu hana tena mikono ya kufanyia kazi. Mwaka mmoja baadaye tulikutana na tabibu mwingine aliyemtazama vidole kabla hajafungua faili. Akapunguza dozi, akaongeza vidonge vya Artane vya kulegeza ule mkakamao, akamwambia arudi baada ya wiki mbili na asisubiri mwezi. Ubongo ulikuwa ule ule, dawa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliulizwa.

Udhaifu wa pili uko kwenye hoja yenyewe. Dawa za kutuliza sauti huzuia dopamini, moja ya kemikali za ubongo, kwa hiyo ikasemwa dopamini ikizidi ndiyo ugonjwa. Dawa za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) nyingi huongeza kemikali nyingine, serotonini, ikasemwa sonona ni upungufu wa serotonini. Lakini moto ukizimwa kwa maji, hakuna anayesema nyumba iliungua kwa kukosa maji. Hoja ya dopamini ina nguvu yake, maana dawa za kulevya zinazoipandisha kweli zinaweza kumtia mtu wazimu. Ya serotonini imetetereka sana: mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miongo mingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana upungufu huo. Wapo wataalamu waliowapinga kwa mengine, na dawa zenyewe zinawasaidia watu wengi, kwa hiyo tafadhali mtu asitupe vidonge vyake kwa sababu yangu. Ninachosema ni kwamba tuliambiwa dhana kana kwamba ni kipimo. Na kipimo hakuna: mpaka leo hakuna damu wala picha ya kichwa inayoweza kusema huyu ana skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwapo na kushuku watu kupita kiasi. Daktari anajua kwa kuuliza na kutazama.

La tatu ni damu. Hili limeniumiza hasa. Mdogo wetu wa kike alikuwa amechumbiwa, barua imejibiwa, mahari imetajwa. Upande wa pili wakasikia kwamba kaka mtu ana ugonjwa “wa kurithi, hata hospitali wanasema”. Wakarudisha maneno. Zamani wangesema jini, na jini hupungwa likaondoka. Damu haipungwi. Jamani, kurithi kupo, sikatai: katika tafiti za zamani, pacha wa kufanana akiugua skizofrenia, mwenzake aliugua mara nne au tano kati ya kumi, na utafiti mkubwa wa Denmark wa 2018 ukashusha hadi kama theluthi. Wenye damu ile ile moja, na bado zaidi ya nusu ya wenzao wako salama! Kwa ndugu wa kawaida ni kama 9 kati ya 100, wakati kwa watu wote ni kama mmoja kati ya 100. Maana yake ndugu zaidi ya 90 kati ya 100 hawataugua. Hesabu hiyo hakuna aliyeipeleka kwenye ile barza ya wazee.

Baadaye nikasoma kwamba si Tanga peke yake. Mwaka 2013 Kvaale na Haslam walikusanya tafiti nyingi za unyanyapaa wakaona jambo la kusikitisha: watu wakielezwa ugonjwa wa akili kwa njia ya ubongo na urithi, wanapunguza kumlaumu mgonjwa, lakini wanazidi kuamini kwamba hawezi kupona na kwamba ni mtu wa kuogopwa. Lawama inashuka, mlango unafungwa. Nyumbani kwetu yalitokea yote mawili.

La nne ni maswali yasiyoulizwa. Mwaka mmoja kabla ya kuugua, mdogo wangu ndiye aliyemkuta baba amefariki. Akaenda Dar kutafuta maisha, akalala kwenye kibanda cha stendi, akaanza kuvuta bangi ili apate usingizi. Alirudi amekonda, haongei. Bangi inaongeza hatari, hilo wanasayansi wanalisema wazi. Lakini msiba, njaa, na upweke wa ugenini navyo vinaingia mwilini. Watu wa asili ya Karibi wanaoishi Uingereza wameonekana kuugua skizofrenia mara kadhaa zaidi ya Waingereza weupe, wakati ndugu zao waliobaki visiwani kwao hawana ongezeko hilo. Damu ni moja, maisha ni mawili. Miaka sita tumekwenda kliniki, hakuna hata siku moja mtu aliyemuuliza kuhusu baba.

Nimemaliza yangu. Karibuni, na mnaopinga mnipinge kwa hoja.

---

MwanaPongwe amejibu:

Dada, pole sana. Ila nikuulize bila kuficha: watu wakisoma hivi watasema “si mnaona, hata sayansi haijui”, warudi kupunga. Nina binamu alifungwa mnyororo kwa mganga miezi minne mpaka kifundo kikaoza. Kwangu mimi, heri hilo “tu” la hospitali kuliko mnyororo.

Dada wa Ngamiani amejibu:

Mkuu, hapo tuko pamoja, na pole kwa binamu. Sijasema mtu arudi kwa waganga. Kama ni kuchagua kati ya mnyororo na haloperidoli, nachagua haloperidoli kabla hujamaliza kuuliza. Ila tukiogopa kuyasema mapungufu ya hospitali kwa kuhofia waganga, wagonjwa watatoroka wenyewe kimya kimya kama alivyotoroka mdogo wangu, na mganga ndiye atakayewapokea, kwa sababu yeye anawasikiliza usiku kucha. Tulipokuwa tunapunga, kwa mara ya kwanza ndugu wote wa baba walikaa chumba kimoja. Dawa ilikuwa batili, lakini kile kikao kilikuwa na kitu. Hospitali ingeweza kukiita kikao hicho bila mbuzi.

Zamu ya Usiku amejibu:

Mimi ni muuguzi, si Tanga mjini. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Unachosema kuhusu mikono ni kweli na inaniuma, kwa sababu nimewahi kuandika hayo hayo kwenye faili za watu. Siku ya kliniki unakuta niko peke yangu na foleni imetoka nje ya mlango. “Ni ugonjwa wa ubongo kama kisukari” inasemwa kwa sekunde kumi, na kwa familia nyingi sekunde kumi hizo zinatosha kuifungua kamba. Nikianza kuuliza habari za baba, wa mwisho kwenye foleni atarudi kwao hajaonwa.

Niongeze upande wa biolojia jambo ambalo dada hakuligusa. Mtu akivurugikiwa ghafla, hasa mwenye homa, mama aliyejifungua karibuni au mzee, msikimbilie kusema ni akili. Apimwe malaria, sukari, kaswende, virusi, na kifafa kiangaliwe. Mama aliyejifungua akianza kukesha bila usingizi na kusema mambo ya ajabu juu ya mtoto, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hapo maelezo ya mwili hayana mpinzani.

Na mnaochomwa sindano ya dawa ya akili kila mwezi: mwili ukikakamaa, njoo useme. Msiache wenyewe ghafla.

Dada wa Ngamiani amejibu:

Ahsante sana muuguzi. Sikuandika kukulaumu wewe, na foleni naiona kwa macho yangu kila mwezi. Labda swali moja tu lingetosha kwa kuanzia: “unafanya kazi gani?” Halimalizi dakika.

Mlimani Korogwe amejibu:

Mimi shangazi yangu alikaa Lutindi, huko juu Usambara. Wasioijua: ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Dawa alipewa, lakini yeye akisimulia hataji dawa. Anataja shamba, na kwamba asubuhi alikuwa na pa kwenda na mtu wa kumwambia “jana hukuja”. Wanaosema ubongo tu waje waniambie kazi inaingia kichwani kwa mlango gani.

Nina la kumwambia dada, aliache hili la watu wa Karibi huko Uingereza, aangalie la kwetu. Kabla ya uhuru alikuwapo daktari wa kikoloni, J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari pale Nairobi. Alieleza akili ya Mwafrika kwa ubongo wa mbele usiotumika vizuri, akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo ya ubongo. Na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maandishi yake! Hiyo nayo ilikuwa “biolojia”. Ndiyo maana mimi mtu akija na ubongo peke yake namuuliza kwanza anataka kufanya nini nao.

Dada wa Ngamiani amejibu:

Hilo la Carothers nimelisoma kwa hasira, na ahsante kwa kulileta. Na huyo aliyekatwa ubongo hakuwa mfano wa kufikirika. Upasuaji ule ulianzishwa na Egas Moniz wa Ureno mwaka 1935, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1949, na watu maelfu wakatolewa uhai wao wa ndani huku wakihesabiwa wametulia. Kutulia kulihesabiwa kupona. Nami naliogopa hilo hata leo, kwa dozi ya vidonge: mgonjwa aliyekaa kimya kwenye kona huwa anaandikiwa “anaendelea vizuri”.

Upande wetu wa Afrika lakini kuna la kujivunia. Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, alianzisha pale Aro, Abeokuta, mwaka 1954, utaratibu wa wagonjwa kupanga vijijini karibu na hospitali wakiwa na ndugu zao, asubuhi wanapata dawa, mchana wanafanya kazi na wanakijiji. Hakuitupa biolojia. Aliiweka ndani ya kijiji.

Umm Wawili amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mwanangu wa kwanza alipata degedege hiyo hiyo, sasa ana kifafa, anatumia fenobabitoni na anasoma. Swali langu kwa dada: kuhusu yule mdogo wenu wa kike, mlifanya nini? Maana nina binti, na ninaogopa.

Dada wa Ngamiani amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Nilikwenda mwenyewe kwa wale wazee na karatasi yenye zile hesabu. Walinipokea vizuri, wakanipa chai, wakasema wameelewa, na uchumba haukurudi. Lakini shangazi mmoja wa upande wao alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia hata wao wana mgonjwa, wamemficha shambani miaka mingi, na akaomba nimwelekeze siku za kliniki. Nikamwelekeza. Amekuja mara mbili. Kwa mwanao mwenye kifafa, usimfiche. Hakuna tunachokilinda kwa kuficha.

MwanaPongwe amejibu:

Dada, na kijana wenyewe? Mikono imerudi?

Dada wa Ngamiani amejibu:

Haijarudi yote. Asubuhi bado inatetemeka, kwa hiyo amejipangia: mpaka saa tano anaziba pancha na kuweka upepo, spoki anazigusa kuanzia mchana. Ile kliniki ya wiki iliyopita aliulizwa kazi yake kwa mara ya pili, akaeleza mwenyewe habari ya mchana na asubuhi, na tabibu akamwambia wajaribu kumeza dozi kubwa usiku. Tumeanza juzi. Wiki ijayo nitaandika hapa imekwendaje.